Nasike Alikubali Kukatwa Mara ya Pili

Asubuhi ya Kawangware bado ina baridi, na Lusweti ameinama kwa karai ya maji moto akikwangua matumbo ya ng'ombe. Mwanaume mzima, mtu wa kupasua mifupa kwa bucha, leo anaosha matumbo. Akina mama wa sukuma wiki wameacha mboga zao kumtazama.

"Baba Austin, hapo kwa mikunjo umebakisha nyasi!"

"Si ukuje unionyeshe?"

"Mimi nikuonyeshe na mwalimu wako si huyo amekaa?"

Mwalimu ni Nasike, mke wake, mama wa miaka arobaini na mitatu. Amekaa kwa stuli, kitambaa kimefunika kichwa ambacho hakina nywele tena. Hiyo karai imekuwa yake miaka mingi. Lakini sasa anatibiwa kansa, na daktari amemkataza kutia mikono kwa matumbo mabichi, maanake hizo dawa zinashusha nguvu ya mwili, na mkwaruzo kidogo tu unaweza kumlaza. Basi bwana anaosha, bibi anauza kwa mdomo.

"Kwangua ukijua kuna mtu atakula," anamwambia.

Lusweti anakwangua.

Mambo yenyewe yalianza na uvimbe shingoni, chini ya taya, kadogo kama njugu. Haukuuma. Na kitu kisichouma, mtu wa kazi anakibeba tu. Alienda zahanati, akapewa dawa ya koo, akameza, akarudi kazini. Uvimbe nao ukakua, ukaita wenzake wawili. Usiku akawa analowesha shuka kwa jasho, mchana nguo zinampwaya.

Sasa unajua ugonjwa ukionekana shingoni, kila mtu anageuka daktari. Huko Laini Saba wanakokaa, mmoja alisema ni TB. Mwingine akasema ni jicho la mtu. Magdaline, dadake Lusweti, yeye akasema moja kwa moja ni kansa, na afadhali wifi yake apelekwe nyumbani Bungoma mapema akiwa bado anatembea.

"Kusafirisha maiti ni shida," alisema, na hata sauti hakushusha.

Hospitali daktari hakutaka kukisia. Alisema TB ya tezi na kansa ya tezi zinaweza kufanana kama mapacha ukiziangalia kwa nje, lakini dawa ya moja haitibu nyingine. Njia ni kukata kinyama kidogo kikapimwe. Hiyo ndiyo wanaita bayopsi.

Magdaline kusikia kisu akaruka. "Kisu ikigusa hiyo kitu, inaamka! Kuna mtu wa kwetu alikatwa, hakumaliza mwezi."

Ni maneno mtu amesikia tangu utotoni, na yalimwingia Nasike. Lakini yeye ni mtu wa nyama. Kila asubuhi alikuwa kichinjioni upande wa Dagoretti akingoja matumbo, na huko alikuwa ameona jambo.

"Dume linaingia limenona, linang'aa, unasema hili halina neno," anaeleza. "Lakini daktari wa nyama hapigi muhuri kwa kuangalia ngozi. Anapasua tezi, anapasua maini, ndio aseme. Nikajiuliza, kama ng'ombe anapasuliwa ndio ijulikane ako na nini, mimi nitibiwe kwa kukisiwa?"

Akakubali.

Walimkata siku ya Ijumaa, kinyama kama punje ya maharagwe, kikatiwa kwa chupa yenye maji makali ya kuchoma pua. Wakaambiwa wakipeleke wenyewe vile kilivyo kwa maabara mjini. Kufika, mlango umefungwa mpaka Jumatatu.

Hapo ndipo Lusweti aliharibu, na alikuwa anataka kusaidia.

"Mimi nimekaa na nyama miaka ishirini," anasema, mikono bado kwa karai. "Nyama ikae siku mbili kwa maji inanuka kama dawa ya mende? Nikaona itaoza."

Akamwaga yale maji. Akasuuza kinyama kwa mfereji, akakifunga kwa nailoni, akakiweka kwa friza ya bucha kando ya maini. Jumatatu akakipeleka kimeganda kama jiwe, na kifua mbele.

Kwa maabara alimpata mama mmoja anaitwa Ndeti.

"Mzee, dawa iko wapi?"

"Nilimwaga. Lakini haijaoza, madam. Nusa."

Ndeti hakunusa. Alimweka chini akamwelezea polepole. Ile dawa ndiyo inashika nyama vile ilitoka mwilini. Halafu wao wanaikata nyembamba kuliko ganda la kitunguu, wanaitia rangi, wanaiangalia kwa mashine ya kukuza. Barafu inaipasua ndani kwa ndani. "Inakuwa kama gazeti imenyeshewa," alimwambia. "Maandishi yako, lakini huwezi soma."

Walijaribu. Jibu likawa haisomeki.

Lusweti alirudi nyumbani na hiyo karatasi. Magdaline naye akapiga simu: "Mmeona? Mungu amefunga mlango. Mkirudia ni nyinyi mmetaka." Hata Lusweti mwenyewe akaanza kusema labda waache. Kidonda cha kwanza kilikuwa hakijakauka.

Jioni hiyo alikuja Mabrouka, mama Mnubi mwenye plot wanayopanga, na birika ya chai ya tangawizi. Akawasikiliza wote, akanywa chai yake, akamgeukia Nasike.

"Mama Austin, kwani mwenye shingo ni nani? Magdaline?"

"Ni mimi."

"Basi si uende na shingo yako."

Nasike akaenda. Wakakata tezi nyingine, na safari hii Lusweti alibeba chupa kwa mikono miwili kama mtu amebeba uji moto, hakuongea na mtu njiani.

Jibu lilikuwa kansa ya tezi. Kinyama kilekile kikapimwa zaidi kikaonyesha ni aina gani, na aina ndiyo ikasema dawa gani. Wakampiga skani, wakatoa damu, wakatoa uboho kwa mfupa wa nyonga, ndio wajue imefika wapi.

"Hiyo siku nililia," anasema Nasike. "Kesho yake nikauliza tunaanza lini."

Amemaliza dawa mara nne kati ya sita. Uvimbe sasa mpaka uutafute kwa kidole. Magdaline anakuja kila Jumamosi kumfulia nguo. Pole hajasema, lakini anafua kwa nguvu mpaka vifungo vinakatika.

Daktari hajaahidi kitu. Dawa zikiisha watapiga skani tena. Nasike anataka Desemba awe kazini mwenyewe, maanake, anasema, huyu mwanaume anamfukuzia wateja.

Nyawira, mteja wake wa siku zote, amesimama na kibakuli. Anauliza lile ambalo wengine wanaogopa.

"Na skani ikisema bado iko?"

Lusweti anaacha kukwangua.

"Basi watakata tena waone imebaki nini," Nasike anamjibu, huku akimpokea kibakuli. "Wakijua, watanipa dawa yake. Unataka nusu ama kilo?"