Namba Iliyoamkia Badala Yangu

Mama yangu hakuwa mtu wa kumpigia mwanawe simu kwanza. Kwetu Kinyangiri mtoto ndiye anayemwamkia mzazi, na kwake sheria hiyo haikubadilika hata simu zilipoingia. Ukikaa wiki hujapiga, atakaa wiki anakungoja. Siku ukipiga, husikii lawama. Utaitikiwa marahaba, utaulizwa umekula nini, yameisha. Nilimjua hivyo maisha yangu yote, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Nilikuwa nikimpigia kila asubuhi kabla ya kuingia kazini, Singida mjini. Kazi yangu ni kutunza mfumo unaofuatilia matumizi ya bando kwenye laini za wateja wetu, wengi wao maafisa ugani waliopewa vishikwambi vya kazi. Kila asubuhi mfumo hubisha hodi kwenye API ya kampuni ya simu, yaani mlango ambao kompyuta moja hupitia kuiuliza nyingine habari. Hurudi na ripoti: laini hii jana imetumia kiasi hiki, ile kiasi kile.

Siku moja mama hakupokea simu toka asubuhi hadi alasiri. Nikaomba ruhusa, nikapanda gari, nikafika roho iko mkononi. Kumbe alikuwa shambani anavuna alizeti, simu kaiacha kitandani. Laini yake nilikuwa nimeisajili kwa jina langu, basi kesho yake nikaiingiza kwenye orodha yetu, mstari wa kwanza kabisa.

Jioni mama alipenda kusikiliza kwaya kwenye simu, pamoja na zile jumbe ndefu za sauti za wanawake wenzake wa kanisani. Namba yake ilikuwa inapanda na kushuka kama mtu anayepumua: MB thelathini, hamsini, na Jumapili inapita mia. Nikawa naitazama, naridhika, naendelea na kazi. Simu za kila asubuhi zikageuka simu za kila Jumamosi. Nilimweleza, wala sikumficha.

"Mama, siku hizi shikamoo yangu inapitia kwenye kompyuta. Nikiangalia tu najua uko mzima."

"Haya. Na mimi nikiitikia marahaba, hiyo kompyuta inasikia?"

Alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka. Mjinga mimi.

Tatizo likawa mtandao wa kule. Kuna siku ripoti ilirudi bila namba yake, mfumo ukaandika sifuri, nikapiga simu, nikamkuta anapepeta mtama. Ikatokea mara tatu. Wateja nao wakawa wanalalamikia sifuri za uongo. Nikakaa chini nikaandika sharti moja dogo: namba ikikosekana, weka ya jana. Sifuri zikaisha, wateja wakanyamaza, bosi akanisifu mbele ya wenzangu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi, kama watoto wote. Sikufikiri inaweza kumhusu mtu wa kompyuta.

Kisha kampuni ya simu ikabadilisha ripoti yake. Hatukuambiwa neno. Kisanduku cha matumizi ya siku kilipewa jina jingine, hilo tu. Mfumo wangu ukaenda kukitafuta kwa jina la zamani, ukakikosa, ukafanya kama nilivyouagiza: ukaweka namba ya jana. Siku iliyofuata ukaweka ya jana tena, kwa laini zote.

Alhamisi mstari wa mama ulisema arobaini na mbili. Ijumaa, arobaini na mbili. Jumamosi ilikuwa siku ya kumpigia, lakini tulikuwa na kikao, na namba ilikuwa pale pale, nikasema nitapiga kesho. Kesho sikupiga. Jumatatu ikaja ripoti ya Jumapili: arobaini na mbili. Jumapili ya mama haikuwahi kuwa ndogo hivyo hata mara moja, na mimi ninayelipwa mshahara kwa kutazama namba nikaitazama, nikanywa chai.

Saa nne jirani yake akanipigia.

"Mama yako homa imembana toka Jumatano. Leo tumempeleka kituo cha afya, kifua kinambana mno. Amenikataza nisikupigie, mimi nimekaidi."

"Kwa nini alikukataza?"

"Anasema una kazi. Anasema utamwamkia mwenyewe ukipata nafasi. Kila siku ananituma nikamchajie simu dukani, isije ikazima ukamkosa."

Sikumbuki nilipandaje gari. Nakumbuka pikipiki kutoka barabara ya lami, na mimi namfokea dereva aongeze mwendo, dereva wa watu ambaye hakunikosea kitu. Nilimkuta mama amelala kiubavu, amekonda kwa siku hizo chache tu, simu iko chini ya mto.

"Shikamoo, mama."

Alifumbua macho. "Marahaba, baba. Kazi zilikuwa nyingi?"

Nikasema ndiyo. Hilo ndilo jibu nililompa mama yangu, na hapakuwa na muda wa kumpa jingine, kwa sababu hakuzungumza tena na Jumanne mchana alifariki. Daktari hakunilaumu. Alisema tu kwamba nimonia hiyo, tungemleta Ijumaa, ingekuwa habari nyingine.

Baada ya matanga nilirudi ofisini. Nikaifungua ripoti yenyewe ya kampuni ya simu, sio hii iliyopitia mikononi mwangu, na kile kisanduku kipya kilikuwa wazi kabisa. Alhamisi sifuri. Ijumaa sifuri. Jumamosi sifuri. Jumapili sifuri. Ukweli ulikuwa unafika kila asubuhi, na mimi ndiye niliyeufunika. Nililia pale mezani, wenzangu wakatoka nje wakaniachia chumba.

Kurekebisha hakukuchukua hata muda wa kumaliza kikombe cha chai. Nilibadilisha jina la kisanduku, nikalifuta lile sharti langu, nikaandika jingine: namba ikikosekana, mfumo usibuni chochote, useme haujui, mtu apige simu. Bosi aliuliza kama wateja hawatalalamika. Nilimjibu vibaya, na hajaniuliza tena.

Simu ya mama niliizima nikaiweka kabatini, na laini yake hairudishi tena namba yoyote. Lakini sikuitoa kwenye orodha. Kila asubuhi nikiwasha kompyuta, mstari wa kwanza kabisa ni wake, na umeandikwa kama nilivyouagiza mfumo: haijulikani, piga simu.