Kaka Yangu na Neno Lake la Maua

Kaka yangu anauza vitambaa, na Kiingereza chake chote kimetoka kwenye vibandiko vya majora. Neno analolipenda kuliko yote ni floral. Lenyewe halina makuu: kitambaa kikiwa na maua, ni floral, kikiwa na mistari, si floral. Lakini yeye akipenda kitu hukivika neno hilo hata kama hakina ua la dawa. Chai yangu ni floral. Fundi bomba kafanya kazi floral.

Tulishamzoea. Balaa lilianza alipotaka kuoa tena. Mke wake alifariki zamani, na sasa moyo umemwendea muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara, mjane mwenzake, mwanamke asiye na maneno mengi. Kaka akawa ananunua mkaa kila siku. Kwake kulipojaa akahamishia kwangu, uvunguni mwa kitanda, na mimi napikia gesi!

Juzi akavaa shati la pasi, akanikokota nikamsindikize. Tulimkuta yule mama wa mkaa anajaza makopo, mweusi hadi viwikoni, kavaa gauni la kijivu.

"Leo uko floral," kaka akasema.

"Niko nini?"

"Floral kabisa, mama."

Akanigeukia. "Dada, huyu ananitukana?"

"Hakutukani. Hilo ni neno la vitambaa vya maua. Gauni, pazia, shuka. Watu hawaitwi hivyo."

"Kwa hiyo mimi pazia?"

Kaka jasho likamtoka, akanitolea macho.

"Usiniangalie mimi," nikamwambia. "Sema naye, tena kwa lugha uliyozaliwa nayo."

Akakohoa. "Wewe... wewe huchuji. Hata ukifuliwa hunywei..."

Nikamfinya. "Kaka! Huyu si jora!"

Akatazama viatu vyake. Halafu, kwa sauti ndogo: "Nakula peke yangu kila siku. Nimechoka. Nataka tule wote mpaka tuzeeke."

Mama akajifuta mikono kwenye gunia, ikazidi kuwa myeusi.

"Mkaa wote ule ulikuwa unapikia nini?"

"Sijui kupika."

Akacheka hadi akashika mbavu. "Basi Jumapili nakuja kula. Upike mwenyewe, siyo dada yako. Tukishamaliza kula ndiyo nitakujibu."

Tangu siku hiyo yuko jikoni kwangu anakaanga vitunguu, machozi yanamtiririka. Kila mara ananiita nitazame kama vimeiva. Vimeungua, kaka. Menya vingine.