Samaki Aliyekatwa Kabla ya Wageni

Nilipokuwa mtoto, huko Mkunazini, harufu ya chakula haikuwa ya mpishi peke yake. Bibi yangu akiamini, na sisi tukiamini kwa sababu yeye akiamini, kwamba harufu ikishaingia puani mwa mja mzito, basi sehemu yake imo chunguni. Asipopewa, mtoto huzaliwa na baka, au mimba hutoka kabisa.

Tukikaa juu. Chini yetu, katika nyumba ileile kongwe, akikaa Bi Mwajuma na mumewe. Mimba zake mbili zilikuwa zimeshatoka, na hii ya tatu alikuwa hali kitu kikatulia. Ungemsikia asubuhi anatapika mpaka ukamhurumia. Lakini yeye na Bibi walikuwa hawasemezani. Siku moja Bibi aliosha sakafu, maji machafu yakapenya kwenye boriti yakamwangukia Bi Mwajuma kitandani, na maneno yaliyofuata siyaandiki hapa.

Siku ya kisa hiki tulikuwa na wageni. Wanawake wa upande wa mchumba walikuwa wanakuja kumtazama mama mdogo wangu, Rukia. Bibi alinunua samaki changu mkubwa sokoni Darajani, akampasua mgongoni, akawa anambanika makaani kwenye ua wa juu huku akimpaka tui zito lenye tangawizi na ndimu. Moshi ukajaa nyumba nzima.

Nilitumwa chini kumwaga jivu. Nikamkuta Bi Mwajuma amekaa mlangoni, kafumba macho, uso kauelekeza juu.

"Mnapika nini, mwanangu?"

"Samaki wa kupaka."

"Hongereni," akasema, na nikamwona anameza mate.

Nikapanda nikasema. Bibi akaacha kupepea mkaa.

"Hakuomba?"

"Hakuomba. Kasema hongereni."

"Huyo keshamla kwa pua." Akanyoosha mkono kutaka kisu.

Mama mdogo akasimama baina yake na jiko. "Mama, wageni wako njiani. Samaki aliyekatwa nitamweka vipi mbele ya watu waliokuja kunitazama?"

"Ikitoka mimba ile, mimi nitamwambia nini Mola wangu?"

"Si huyo aliyekwita mjeuri?"

"Kaniita. Na mimi nikamjibu, wewe hukuwepo tu."

"Basi mkatie mkia."

"Mkia nani kautamani?" akasema Bibi, na akakata pale kwenye mnofu mzito, karibu na kichwa, pahala pa mgeni mkubwa.

Kushuka hakushuka. Aliiweka sahani katika kikapu cha kamba, kile tulichokuwa tukiteremshia pesa kwa muuza mkate, akaniambia nende chini nikakipokee. Bi Mwajuma akatazama kikapu, akatazama juu. Bibi alikuwa keshajificha nyuma ya dirisha. Bi Mwajuma alinawa, akasema Bismillahi, akala palepale mlangoni, akalamba na miiba. Nilibaki nimesimama nikingoja atapike. Hakutapika. Machozi yakawa yanamtoka huku anatafuna.

"Mwambie bibi yako," akasema, halafu akanyamaza.

Nilipopanda Bibi aliuliza kasemaje. Nikamwambia kasema nikwambie, lakini hakusema. Bibi akacheka kidogo kwa pua.

Wageni walipofika, Bibi alikuwa amemlaza samaki upande uliokatwa chini, kammwagia tui juu. Bi mkubwa wao akamgeuza, akaona. Mama mdogo akainamisha kichwa. Bibi akasema kweli: chini kuna mja mzito, harufu imemfika. Yule bi mkubwa akaweka tonge chini.

"Na wali mmempelekea? Au mmempa samaki mkavu hivyo hivyo?"

Nikatumwa tena chini na sahani ya wali.

Mimba haikutoka. Alizaliwa mtoto wa kike, na Bibi ndiye aliyemfunua khanga kumtazama mwili mzima kama ana baka. Hakuwa nalo. Bibi aliteremka kwa miguu yake siku hiyo, kabeba uji wa pilipili manga, na wawili wale wakazungumza mpaka adhana ya alasiri, juu ya watu wengine, kama wanawake wanavyozungumza.

Je, ni samaki aliyeishika mimba ile? Masheikh wanatwambia mambo haya hayana asili katika dini, na mimi sina elimu ya kuwapinga. Naamini wanavyosema. Mwenye kutoa uhai na kuuchukua ni Mmoja. Lakini nimekuwa nikimfikiria Bibi hivi karibuni, kwa sababu nami sasa naishi ghorofani, na chini yangu kahamia binti mwenye mimba changa. Namsikia asubuhi. Juzi nilipika pilau, nikafunga dirisha la jikoni. Nilijiambia ni kwa ajili ya nzi. Nilijiambia pia kwamba akitaka ataomba, ingawa najua vizuri kwamba mtu wa namna ile haombi.

Bibi hakumpenda Bi Mwajuma siku ile. Alimkatia mnofu akiwa na hasira, na aliogopa akifa aulizwe. Upendo ulikuja baadaye, na uji. Mimi nimesomeshwa nikaambiwa hakuna baka wala mimba inayotoka kwa harufu, na hofu ile ikanitoka. Nilidhani itakapotoka, kitakachobaki ni moyo mwema wa kutoa bila kulazimishwa. Namwomba Mungu anisamehe. Nilipoutafuta juzi, mkono wangu ulikuwa kwenye komeo la dirisha.