Mboga Nilizozikataa Barazani

Naikumbuka Ijumaa ile, mwanangu, kwa sababu ndipo nilipoanzia ujinga wangu. Nilikuwa na miezi miwili tu tangu nimuoe Mwanahawa, binti wa Dutumi, na tulikaa Kisarawe, mtaa wa chini ya boma. Kazi yangu ilikuwa kupasua mbao. Desturi yetu, na nyumba nyingine wanayo mpaka leo, tukitoka msikitini Ijumaa wanaume wa mtaa tunakaa baraza moja, kila mke anatoa sinia lake, tunakula pamoja. Kwa hiyo alichopika mkeo kila mtu anakiona.

Sinia la Mwanahawa lilikuja na wali, samaki, na bakuli kubwa la kisamvu cha nazi.

Kondo akalitazama. Huyu Kondo ni binamu yangu, na ndiye aliyekuwa akichinja na kuuza nyama pale sokoni. Namtaja kwa jina. Amekufa, Mungu amrehemu, lakini alilolifanya alilifanya.

"Jamani," akasema, "nani amefungulia mbuzi? Chakula chao kimeletwa huku."

Watu wakacheka. Mwingine akaniuliza, "Bwana harusi, umeoa juzi, unalishwa majani. Utaweza kweli?"

"Ataweza wapi!" Kondo akajibu kabla yangu. "Mwanamume anajengwa na nyama ya nundu, na mafuta yake. Majani ni ya wanawake na watoto."

Nilikuwa kijana, na nilichokiogopa duniani ni kuchekwa. Nikalisukuma bakuli kando. Nilikwenda ndani nikamwambia Mwanahawa asinipe tena majani, barazani wala chumbani. Akasema, "Baba yangu anakula haya kila siku, na jembe halijamshinda." Nikamwambia baba yako si mimi. Akatii.

Nitafupisha. Karibu miaka ishirini nilikula nyama ya mafuta na wali wa samli, chai yangu vijiko vinne vya sukari. Maji nilikuwa nayaona ya kunawia. Kule ndani Mwanahawa na watoto wetu, Zena na wadogo zake, walikula mchicha, matembele, maboga na mapapai, wakawa wazima. Mimi tumbo lilinitangulia njiani, choo napata siku ya nne au ya tano, na nikadhani hiyo ndiyo afya. Watu waliniita Bwana Mkubwa. Nilipenda.

Nilipopita arobaini, nguvu za kiume zikaanza kupungua. Nakwambia wazi, mwanangu, kwa kuwa mimi hakuna aliyeniambia wazi. Zikapungua, halafu zikawa hazipo. Mkojo nao ukawa unakatikakatika. Nasimama kama mtu anayengoja lori, yanatoka matone. Mke wangu aliuliza mara mbili nina nini, nikamfokea. Niliyemwambia ni Kondo. Naye akanishauri nizidishe supu ya makongoro, kisha akanipeleka kwa Shomari wa Maneromango, muuza mizizi.

Shomari hakunigusa wala hakuniuliza nakula nini. Alinitazama usoni tu.

"Umefungwa," akasema. "Na aliyekufunga unalala naye."

Akanipa unga wa gome, niutie kwenye supu kila asubuhi. Nikarudi nyumbani, na mbele ya majirani nikamwita Mwanahawa mchawi. Hakulia. Alikunja kanga zake, akaniambia, "Nimekupikia miaka yote hii. Ningetaka kukudhuru, ningehitaji mganga?" Akaenda kwao Dutumi.

Unga ule niliunywa siku sita. Siku ya saba mkojo ulikataa kabisa. Mpaka adhuhuri tumbo la chini lilikuwa gumu kama jiwe, nikawa sijui kukaa wala kulala. Walinipakia kwenye lori la mbao lililokuwa likiteremka Dar es Salaam, na kila shimo la njia ya Pugu nililisikia kwenye kibofu. Kondo hakupanda. Alisema ana ng'ombe wa kuchinja.

Hospitali walinitia mpira, mkojo ukatoka nikadhani hautaisha. Daktari akanipima kwa kidole, mahali ambapo mwanamume hategemei kupimwa. Aliyenieleza ni dresa, msaidizi wake, Mnyamwezi, yaani mtani wangu, na mtani hana haya.

"Mzaramo, choo umepata lini?"

"Juma lililopita."

"Na mboga za majani umekula lini?"

"Mimi sili majani."

"Kha! Ndovu anakula majani maisha yake yote, na sijasikia mtu anauliza kama ni dume. Wewe nani kakudanganya?"

Wodi nzima ikacheka. Yeye akaketi ukingoni mwa kitanda. "Utani basi. Sikiliza. Chini ya kibofu mwanamume ana tezi, tezi dume, nayo huvimba kwa umri. Hata mla majani inaweza kumvimba. Lakini wewe umelimbikiza choo kigumu nyuma yake, kikabana njia. Mkojo wako una sukari. Hiyo sukari na hayo mafuta ndiyo yamekula nguvu zako. Na ule unga hatuujui ni nini, ila wanaokunywa unga kama huo tunaletewa hapa wamefunga mkojo. Hakuna aliyekufunga, ndugu yangu."

Nilipotoka sikupitia Kisarawe. Nilikwenda Dutumi moja kwa moja. Baba mkwe nilimkuta anatoka shamba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, hakunikaribisha kuketi. Nikasema taratibu kwamba nilimsingizia binti yake.

"Sema kwa sauti," akaniambia. "Uchawi ulimtangazia kwa sauti."

Nikasema kwa sauti, majirani wakatoka nje kusikiliza. Mwanahawa naye akatoka, akasimama mlangoni.

"Nimekusamehe," akasema. "Kurudi sirudi."

"Nimepata matibabu, Mama Zena. Nitapona."

"Upone, nakuombea. Lakini nikae na mtu ambaye akikwama tena atatafuta wa kumtaja?"

Nilimpa talaka yake kwa heshima. Ameolewa Mlandizi, anakaa vizuri.

Mimi nipo. Mkojo unatoka, naenda kupimwa, na daktari amesema huenda siku moja nikahitaji kisu. Nguvu zilirudi kiasi baada ya tumbo kupungua, zikakuta chumba kitupu. Shomari bado anauza unga wake. Wale waliocheka barazani nawajua mmoja mmoja, ila wao walicheka tu. Aliyesukuma bakuli ni mimi.

Basi shika haya, mwanangu. Kula mboga za majani kila siku, mbele ya wanaume wenzako, wacheke wakichoka waache. Kula kunde, samaki, nyanya, mapapai, na maji unywe. Nyama sikukatazi, lakini isiwe ya kila siku, na mafuta yake yaache, na sukari uipunguze. Mkojo ukibadilika nenda hospitali usingoje; ukiona damu, au ukiziba, nenda saa hiyohiyo. Usinywe dawa ya mtu ambaye hakukuuliza hata unakula nini. Na nguvu zikipungua, wa kwanza kumwambia awe mkeo, si baraza. Ugonjwa huu ni wa mwili, hauna mchawi, na ukimtafuta mchawi utampata mtu asiye na kosa.

Mungu akupe mwili mwepesi, choo cha kila siku na mkojo usiokatika. Usicheke, hizo ni neema. Akupe mke wa kukuuliza una nini, na akupe ulimi wa kumjibu. Amina.