Barua Inafuata

Dada yangu Tumpe ni fundi cherehani sokoni Uyole, na nusu ya sare za kwaya unazoziona Mbeya siku ya Jumapili zimepita mikononi mwake. Walutheri, Waanglikana, Wamoravian wenzetu, wote anawapima kiuno bila kuwauliza wanasali wapi. Mtu wa namna hiyo ndiye ambaye madhehebu yalikuja kumtesa ndani ya nyumba yake. Nasimulia mimi mdogo wake, na sitajidai sina hasira.

Aliolewa na Gideoni, Mhehe wa Iringa, Mlutheri tangu enzi za bibi zake, dereva wa lori la mbolea. Ndoa yao ilikuwa na kila kitu isipokuwa Jumapili. Huyu alitaka watoto wabatizwe kwao, yule kwetu, na watoto wenyewe, Eveline na Brayson, wakafikia umri wa kwenda shule hawajabatizwa popote. Mwisho shemeji akaja na wazo ambalo hata mimi nililisifu, Mungu anisamehe. Alisema asishinde mtu. Kila mmoja achukue barua ya kuhama kanisani kwake, wote wawili wahamie kwa Waanglikana walio jirani na nyumba yao mtaa wa Soweto, hapa hapa Mbeya, na watoto wabatizwe huko.

Tumpe akachukua barua. Akarudisha sare ya kwaya aliyoishona mwenyewe, imefuliwa na kupigwa pasi, baada ya miaka kumi na minne ya kuimba sauti ya kwanza. Baba yetu, mzee Isakwisa, hakugomba. Ila Pasaka iliyofuata, tulipokwenda makaburini alfajiri kama Wamoravian tunavyofanya, alisimama kwenye kaburi la mama akamwambia kwamba Tumpe amehama. Nilisikia kwa masikio yangu.

Barua ya Gideoni ilikuwa inafuata. Mchungaji wa Soweto akiuliza, shemeji alijibu, "Inafuata, mchungaji. Katibu wa kule amesafiri." Mara mhuri umepotea. Mara mvua. Bila barua ya baba, ubatizo ukasogezwa mbele, ukasogezwa tena, hadi ikatimia miaka miwili. Na kila baada ya wiki mbili lori lilimpeleka Iringa, Jumapili ikamkuta kwa mama yake, na dada akawa anamwonea huruma kwamba kazi inamnyima ibada.

Mwaka jana mama yake Gideoni alipona ugonjwa, akatuita tukamshukuru Mungu pamoja naye kanisani kwake. Nilikwenda nao. Wakati wa matangazo, mzee wa kanisa aitwaye Philbert akaomba wageni wasimame wajitambulishe. Tukasimama, mimi, Tumpe na watoto. Gideoni akabaki amekaa, macho kwenye kitabu cha nyimbo, kama mtoto aliyejikojolea darasani.

Tumpe akamgusa bega. "Baba Eveline, simama. Wanatuita wageni."

Mzee Philbert akacheka kwa upendo. "Mama, huyo tumwache akae. Huyo ni katibu wa jumuiya yetu. Wageni ni ninyi, na hao watoto ni wageni mpaka Krismasi tu. Baba yao ameshawaandikisha ubatizo."

Kanisa zima likapiga makofi. Sijawahi kuona mtu akidhalilishwa kwa furaha kiasi kile. Dada hakujitambulisha. Alikaa.

Nyumbani kwa mama mkwe wali ulikuwa umeshapakuliwa. Gideoni akamfuata Tumpe uani, nami nilikuwa nanawa mikono pale pale.

"Mama Eveline, mama hana mtoto mwingine wa kiume. Ningemwambiaje kwamba nimehama?"

"Na mimi baba yangu nilimwambiaje?"

"Nilijua utanielewa baadaye."

"Baadaye ya lini? Baada ya Krismasi?"

Aliinama akaanza kufunga kamba za viatu ambazo wala hazikuwa zimefunguka.

Mchana ule ule tulipanda basi la kurudi Mbeya na watoto, bila yeye. Basi likasimama Chimala. Pale Brayson akamuuliza kama Krismasi atabatizwa, naye akamjibu kwamba hajui.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwenye viti vya kwaya kanisani kwetu Uyole. Nikamwona anaingia na watoto, akakaa nyuma kabisa. Baba alikuwa mbele, hakugeuka. Mzee Anord, aliyetufundisha Shule ya Jumapili sote wawili, akasoma matangazo, kisha akaomba wageni wasimame. Tumpe akasimama.

Watu wakacheka kidogo wakidhani anatania. Mzee Anord akamwambia, "Kaa, mwanangu. Wewe ni wa hapa."

"Nilichukua barua, mzee," Tumpe akasema. "Mimi ni mgeni. Naitwa Tumpe, nimezaliwa hapa Uyole, na hawa ni watoto wangu."

Hapo baba akageuka.

Mgeni kwetu huimbiwa. Mwalimu wa kwaya akatupa sauti, tukasimama, tukamwimbia dada yangu wimbo wa kukaribisha wageni, ule ule aliotufundisha yeye.