Ringi Haishiki Gurudumu

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyomkasirikia mtu aliyeniambia ukweli. Na leo nimekasirika tena. Umenionyesha kwenye simu zile ringi za chuma unazotaka kuagiza, eti ukizifunga kwenye bolti za fremu ya chini inayobeba injini, gari lako litashika barabara kama gundi. Keti. Weka hiyo simu chini.

Mimi nilizifunga. Nilikuwa dereva wa teksi hapa Kisumu, nikiishi Manyatta, na gari langu la mtumba nililipenda kuliko nilivyowapenda watu wengi. Baada ya kuzifunga nikaapa kwamba limezaliwa upya. Usukani mwepesi, kona safi! Abiria hakupanda bila kuhubiriwa habari za ringi.

Nilimhubiria hata Fundi Balbir, mzee wa Kisikh aliyekuwa na gereji karibu na Obunga, mtu wa maneno machache na Kiluo safi. Aliingia chini ya gari, akalitikisa gurudumu la mbele, akatoka akijifuta mikono.

"Kijana, bol joint ya kushoto, kile kiungo kinachoshika gurudumu, imekwisha. Badilisha hiyo. Ringi haishiki gurudumu."

Nikacheka. Nikamwambia mambo ya siku hizi yamempita. Hakubishana. Alisema tu nimwachie gari mpaka saa nane, akaze bolti.

Saa nane nikalichukua, nikazunguka nalo hadi Kondele na kurudi. Nikashuka nikitabasamu. "Unaona, Mzee? Hizo ringi zinafanya kazi!"

Akatia mkono mfukoni mwa ovaroli, akazitoa zote, akazipanga juu ya boneti mbele ya mafundi wake. Alikuwa amezifungua asubuhi ileile.

Walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Mwanangu, aibu ikigeuka hasira haina macho. Nikafoka, "Leta vitu vyangu!"

"Chukua," akasema. "Lakini gari hii usibebe mtu mpaka ubadilishe bol joint."

Nikazinyakua nikaondoka. Ningekubali kuendesha mkokoteni kuliko kurudi pale.

Siku tatu baadaye nilikuwa nampeleka mama yangu nyumbani Usenge, alikokuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani. Tulipopita Bondo akaniuliza, "Nyathina, mwanangu, nini hiyo inagonga hapa chini ya miguu yangu?"

"Ni barabara, Mama."

Nilimdanganya, na nilijua namdanganya. Kwenye kona iliyofuata gurudumu la kushoto lilichomoka kwenye kiungo chake, likalala. Gari likachimba lami, likaingia mtaroni kwa ubavu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hata hao wahenga nawakasirikia, maana aliyevunjika hakuwa mimi. Mama alivunjika nyonga. Hakuinama tena kugeuza omena mpaka alipofariki. Na hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana!

Balbir alikuja hospitalini na chupa ya chai. Alimsalimia mama kwa Kiluo, akammiminia, akaketi. Mambo ya ringi hakuyataja kabisa. Kimya kile kilinichapa kuliko kiboko.

Sasa sikiliza. Sisemi ringi ni uongo mtupu. Kwenye gari zima ambalo fremu yake imehama kidogo, zitaituliza mahali pake, na dereva makini huenda akasikia tofauti. Ndogo! Lakini moyo uliokwisha kutamani kitu husikia hata kisichokuwepo. Mimi nilisifu ringi zilizokuwa mfukoni mwa mtu. Kabla hujaongeza kitu, kagua ulicho nacho: matairi, breki, bushi za mpira, bol joint. Gari likigonga, usitafute mtu wa kukusifu, tafuta kinachogonga. Na mtu akikuaibisha kwa ukweli, imeze hiyo aibu. Ni chungu, lakini haimlazi mama yako hospitalini.

Kesho asubuhi lilete hilo gari tulipige jeki, tulitazame pamoja.

Mungu akupe masikio kabla ya kukupa mwendo. Akulindie mama yako. Na kila atakayepanda gari lako akiiamini mikono yako, ashuke kwa miguu yake mwenyewe, aingie kwao akicheka.