Kitambaa cha Kompyuta

Shangazi ndiye aliyenisimulia shida hii kwanza, Jumapili moja tulipotoka kanisani. Kompyuta ndogo ya zamani aliyoachiwa na mwanawe ilikataa wifi ya jirani, na dada yake, mgonjwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, alitaka waonane usoni kwa video. Kwa fundi wa mjini Baraka wifi ilishika, nyumbani ilipotea. Aliporudi tena kwa fundi, nilimsindikiza.

"Mama, mashini iko muzuri," fundi alisema kwa uchovu. "Ona, inashika."

"Inashikaka kwako tu. Kwangu inakufa. We uko na dawa gani?"

Akaifunga, akaanza kuivika kitambaa cha maua alichoifumia mwenyewe, kinachobana kama soksi. Fundi akamzuia mkono. Ukingo wa kitambaa ulikuwa umesukuma kiswichi cha pembeni, kile kinachozima wifi, ambacho fundi hukiwasha kwa mazoea kila anapoipima.

"Kumbe ni mi nilikuwa naizimaka," Shangazi akasema polepole.

Kwetu kitu cha thamani hufunikwa: redio, televisheni, hata kiti cha mgeni. Nani angemlaumu?

Jioni ile Shangazi na dada yake walionana. Dada alimcheka kwamba amezeeka.

Shangazi na fundi wangali hai. Dada alifariki msimu huu wa mvua, na kompyuta imevikwa tena kitambaa chake.